Jina la Kaka Mbele

Miaka ya sabini ilipoanza, mimi na kaka yangu tulifanya kazi kituo kimoja cha utafiti wa samaki, Kisumu. Yeye alikuwa amepima samaki miaka na miaka, mikono ikinuka ningu, wale samaki wetu wa mtoni, hata Jumapili kanisani. Mimi nilitoka chuo kikuu juzi tu, na kiburi tele. Tuliandika makala kuhusu ningu walivyokuwa wakipungua mitoni. Vipimo vyote vyake, maneno yangu. Mkubwa wetu wa kazi alisema aliyeandika ndiye anatangulia, basi nikapiga chapa jina langu kwanza, la kaka likafuata.

Kaka alicheka. "Si wewe ndiye umesoma, bwana!" Mama hakucheka. Kwetu mdogo hapandi mbegu wala haoi kabla ya mkubwa wake. "Ukimruka kaka yako," alisema, "utamtangulia hata kaburini." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi masikio niliyaacha chuoni.

Makala ikapelekwa kwa jarida moja la Ulaya. Mwezi huohuo Mama akaanza kunipakulia mimi ugali kwanza, halafu anashtuka, mwiko mkononi. Pale ufukweni Luanda Kotieno, mama muuza samaki aliyetujua tangu utotoni alinisalimia mimi kwanza, kisha akamuuliza kaka, "Huyu mkubwa wako amerudi lini?" Hakuwa anatania. Nikaanza kukonda. Suruali nikaifunga kwa kamba. Hospitali walipima damu, hawakuona kitu. Niliogopa kufa, nasema wazi.

Ndipo wachapishaji wakaturudishia karatasi tusahihishe makosa. Kaka alikuwa ziwani. Nilikaa peke yangu mchana kweupe, nikachora mshale kulipeleka jina lake mbele ya langu. Sikumwambia mtu. Jioni hiyo nilikula sahani mbili.

Wiki ya tatu mtumbwi wa kituo ulirudi bila yeye. Ziwa lilikuwa limetulia, wenzake walisema. Aliinama kuvuta wavu, basi. Mungu wangu!

Jarida lilifika baada ya mazishi. Mama hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe jina la mwanawe. Nikakishika kidole chake, nikakiweka pale juu kabisa. Alipoelewa kwamba kaka ndiye wa kwanza, alilia, akanikumbatia.

"Asante, baba. Umempa kaka yako heshima yake."

Siku ile ya mshale sikumfikiria kaka hata kidogo. Nilitaka kuishi.