Nondo Wamefika, Nondo Zimefika

Mie nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini jina nikilishika halinitoki. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, alikuwa chuoni anasomea wadudu. Likizo alikuwaga anakuja kwangu Chanika, na asubuhi, kuku hawajafunguliwa, tunakwenda barazani kutazama nondo waliolala ukutani chini ya taa. Yeye ana majina yao ya kitabuni, marefu; mie nawapa yangu: Majivu, Ukili, Kanga Mbovu, Bi Harusi. Yote ninayo mpaka leo, yake na yangu.

Siku hizo mwanangu alikuwa ananiongezea vyumba. Mjukuu akapiga simu yangu kutoka chuoni, akapokea fundi.

"Nondo wamefika?"

Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye tofali. "Bibi, msomi wako Kiswahili kimempiga chenga! Nondo zimefika, zimeshushwa pale!"

Mwenzake anauliza wadudu, yeye anajibu vyuma. Ukawa utani wetu. Ila mjukuu wangu hakutaka mtu aseme "hizi" kwa nondo wake, hata waliokwisha kuchomwa pini kwenye boksi. "Wamekufa, bibi, hawajawa vyuma. Ni hawa."

Likizo yake ya mwisho tulibishana juu ya Majivu wawili. Wote wa kijivu, wote na doa jeusi begani. Yeye akasema ni aina moja, dume na jike.

"Mke mwenza, macho yako ya vitabu hayo," nikamwambia. "Huyu alilala kakunja mbawa kama paa. Huyu kazitandaza kama mkeka. Ukoo si mmoja."

"Na wewe unalala chali, babu alikuwa analala ubavu. Mlikuwa aina mbili?"

Nikamchapa na upindo wa kanga. Akachukua lenzi yake, akatazama vipapasio: dume wa Majivu, alisema, vyake vina manyoya, jike, uzi mtupu. Wote walikuwa uzi. Akaiweka lenzi chini.

"Wote majike. Basi nimeshindwa nusu. Nusu nyingine mpaka niwafungue tumbo, niwaangalie kwa hadubini."

Kila nondo alikuwa na kikaratasi cha jina. Chini ya hawa wawili akaandika BADO. Mizigo ilikuwa mingi, boksi akaniachia. Angelifuata mwisho wa mwezi.

Akashikwa na homa, siku nne tu. Nilikuwa napepeta mchele mwanangu alipopiga simu kutoka hospitali.

"Mama, mwili utafika saa kumi."

"Nani atafika?"

"Mwili, mama."

"Nakuuliza nani."

Wakasema bibi kachanganyikiwa, majirani wakaja kunishika mikono. Sikuchanganyikiwa. Gari lilipoingia nikasema kwa sauti, "Amefika." Hakuna aliyenisahihisha.

Baada ya arobaini mwanangu akalishika lile boksi. "Mama, hizi tuzitupe? Zinaleta sisimizi."

Nikamnyang'anya. Nikaliweka juu ya kabati, nikawa sitaki mtu aliguse.

Mpaka akaja msichana aliyesoma naye. Akapiga goti, shikamoo bibi, akafunua kifuniko, akatazama muda mrefu.

"Na hawa wawili, bibi, mbona hawajapewa jina?"

Hawa. Nikampa boksi lote, nikamweleza na habari ya paa na mkeka. Jioni akapiga simu kwamba kafika.

"Na wao?"

"Wamefika, bibi. Hakuna aliyevunjika ubawa."

Wiki ya pili akapiga tena. Kawafungua, kawaangalia kwa hadubini, mwalimu wao naye kaangalia. "Ni aina mbili, bibi. Ulikuwa sahihi."

Nikamwambia ahsante mwanangu. Nikakaa pale barazani, simu bado iko mkononi. Ubishi nimeshinda, na wa kumringia hayupo.