Siku Kumi za Kuiuliza Barabara

Barua ilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa nimevaa glavu, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu aifungue na kunishikia nisome. Mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto ulikuwa umenichagua niwe msimamizi wa kliniki yake mpya, katika kijiji kilichoko nusu ya njia kati ya mji wa Garissa na kambi za wakimbizi. Nilitakiwa nijibu kufikia Alhamisi ya juma lililofuata.

Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa katika zahanati ya mjini, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Kwa miaka sita nilikuwa muuguzi wa chini yule yule, nikipima uzito wa watoto na kuchemsha vifaa vilivyotumiwa na wengine. Kila siku saa nne mama mkwe aliniletea binti yangu wa miezi minane, nikamnyonyesha nyuma ya pazia, akarudi naye. Saa tisa nilikuwa nyumbani. Ile kazi nyingine ilikuwa mwendo wa saa mbili kwenda kila asubuhi na saa mbili kurudi kila jioni, nyuma ya gari la polisi. Miaka hiyo hakuna gari lililothubutu kupita barabara ile peke yake. Majambazi walikaa vichakani, wakasimamisha magari na kuchukua walichotaka, na mara nyingine hawakuishia kwenye mali.

Niliitaka kazi ile. Nilitaka siku moja niwe mtu wa kuulizwa neno la mwisho. Lakini swali lilikuwa moja, nami nililiandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: Je, nitarudi kila jioni? Binti yangu hakukubali chupa wala kikombe. Tulikuwa tumejaribu maziwa ya mbuzi, ya ngamia na ya unga. Alifunga mdomo na kututazama kama mtu mzima aliyetukanwa.

Chini ya swali nilipiga mistari: siku, niliyemuuliza, saa ya kuondoka, saa ya kufika, lililotokea njiani.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi, nilikwenda kwenye kizuizi cha barabarani ambako magari yalijipanga kusubiri eskoti ya polisi. Malori ya unga na sukari yalikuwa mbele, magari ya mashirika nyuma yake, na mwisho pikapu zilizowabeba wanawake wauza maziwa ya ngamia. Hao walifika mjini alasiri na mitungi iliyojaa, wakalala kwa jamaa zao, kisha asubuhi wakarudi vijijini na mitungi mitupu. Hakuna walioijua barabara ile kuwashinda wao.

"Jana mlifikaje?" niliwauliza.

"Nabad," walijibu. Amani.

"Hakuna kilichotokea?"

"Nabad tu, abaayo," walisema, wakiniita dada. "Alhamdulillahi."

Madereva nao walijibu hivyo hivyo. Dereva wa mradi, mtu wa makamo aliyependa kujisikia akicheka, alichungulia daftari langu. "Andika na hili, dada: dereva ana sura nzuri."

"Hakuna safu ya sura," nilimwambia.

"Basi ongeza. Daftari bila uzuri nani atalisoma?"

Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: safu ya mwisho ilikuwa na neno moja, nabad, mara nne. Mume wangu pia alikuwa dereva wa lori kwenye barabara hiyo hiyo, na kila aliporudi alitamka neno hilo kabla hajavua viatu. Ijumaa jioni nilikuwa nimeanza kutunga kichwani barua ya kukubali.

Jumamosi sikuwa na zamu. Dereva wa mradi alijitolea kunipeleka nikaione kliniki na kurudi siku hiyo hiyo. Nilimnyonyesha mtoto mpaka akasinzia, nikaenda.

Safari ya kwenda haikuwa na neno. Kliniki ilikuwa na vyumba vitatu vyenye madirisha makubwa, kitanda cha kuzalishia ambacho bado kilikuwa na karatasi zake, na friji ya chanjo inayotumia mafuta ya taa. Nje walikuwa wamekaa wanawake wapatao thelathini, ingawa hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ningekuja. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mkunga wao. Nikasema bado. Akasema, "Basi harakisha, maana mimi siwezi kusubiri," akajishika tumbo, na wote wakaangua kicheko. Nilipima presha za watu kumi na mmoja. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama asubuhi ile.

Eskoti ya kurudi ilikuwa ifike kutoka kambini saa nane. Saa tisa ilipita. Saa kumi ikapita. Dereva alikuwa ameacha mzaha, alisimama juu ya tairi la akiba akitazama upande wa kambini, na kila nilipomuuliza alisema, "Inakuja." Matiti yangu yalikuwa yamejaa na kuwa magumu kama mawe, na maziwa yalikuwa yamelowanisha gauni mpaka kiunoni. Nilijifunika mtandio. Mama mmoja aliyekuwa karibu aliona, akaninyooshea mwanawe wa kiume.

"Mpe huyu, upumue."

"Thubutu!" alimkemea jirani yake. "Muuguzi ana binti mdogo, mwenyewe amesema. Akimnyonyesha huyu wako, watakuwa ndugu wa ziwa. Utamkosesha mwanao mke wa mjini!"

"Mke wa mjini hajui kukamua ngamia. Mwache anyonye."

Walicheka, nami nikacheka kwa adabu, kisha nikaenda nyuma ya kliniki na kuyakamulia maziwa mchangani. Mchanga uliyanywa mara moja. Nilijua kwamba saa ile ile binti yangu alikuwa analia.

Vumbi lilionekana karibu saa kumi na moja. Msafara haukusimama, ulipunguza mwendo tu, na dereva wetu akajipenyeza katikati. Magari yalikimbia kama yaliyofukuzwa. Baada ya nusu saa hivi, pikapu moja mbele yetu iliyumba, tairi la nyuma likapasuka, ikatoka pembeni ya njia. Gari la polisi halikugeuka. Lori lililofuata liliipita. Sisi tukaipita. Niliona watu watatu wamesimama wakipunga mikono, na mwanamke mmoja ameketi juu ya mtungi wake wa maziwa, hapungi.

"Simama," nilisema.

"Anayesimama anabaki," dereva alijibu bila kugeuza kichwa. "Watachukuliwa kesho."

"Kesho?"

Alikanyaga mafuta. Na mimi sikusema tena simama. Nimeliandika hilo hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tuliingia mjini adhana ya magharibi ikisomwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mtoto begani, sauti ya mtoto imekauka kwa kulia.

"Warran?" aliniuliza. Leta habari.

"Nabad, hooyo," nilimjibu, nikimwita mama.

Nilimchukua mtoto. Alinyonya kwa hasira, akiniuma. Mkono wangu ulipopata nafasi nilivuta daftari nijaze safu ya Jumamosi, nikagundua kwamba kalamu ilikuwa tayari imeandika herufi ya kwanza ya neno lile lile. Nilitazama zile nabad nne za juu. Zote zilikuwa zimepatikana kama hii yangu, mlangoni, kutoka kwa mtu aliyesimama.

Nililelewa katika desturi hii na bado niliisahau. Kwetu msafiri akiulizwa habari, kwanza hujibu amani. Huo si uongo, maana amefika na anaweza kujibu. Huwezi kumtupia mwenyeji balaa kabla hujavuka kizingiti. Mwenyeji humpa maji, kivuli, chakula na chai, kisha humuuliza mara ya pili, na hapo ndipo safari husimuliwa kipande kwa kipande tangu mwanzo. Mimi, mtoto wa wafugaji, nilikuwa nimesimama kwenye kizuizi na kalamu, nikaichukua salamu na kuiandika kuwa taarifa.

Jumapili alasiri nilikwenda sokoni kwenye safu ya wauza maziwa. Nilimkuta yule mwanamke wa pembeni ya njia, amekaa nyuma ya mtungi wake, maziwa yameganda.

"Warran, eedo?" nilimuuliza, nikimwita shangazi kwa heshima ya umri wake.

"Nabad, abaayo."

Nililiacha daftari kwenye mkoba. Nikamwomba aje kwangu.

Nilimpa maji. Nilimpa anjera na nyama, kisha chai yenye iliki, kikombe cha kwanza na cha pili. Mtoto wangu alitambaa mpaka miguuni pake, naye akambeba. Ndipo nikamuuliza tena, na akaniambia yote kwa mpangilio ambao daftari langu halikuwa nao: tairi lilipasuka wapi, waliingia kichaka gani, nani alikohoa wakamziba mdomo, walisikia nyayo za watu wangapi, na asubuhi eskoti iliwakuta wapi.

"Hii ni mara ya kwanza?"

"Mara ya tatu tangu mwezi uandame. Tairi, maji ya injini, au eskoti haitoki kabisa kambini na tunalala huko huko. Msafara kufika, unafika. Lakini si wote waliotoka ndio wanaofika."

"Mbona Jumatano uliniambia nabad?"

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyemwaga kibuyu. "Uliniuliza umesimama, kalamu mkononi, kama karani wa vitambulisho. Karani huambiwa amani, aende zake."

Ilibidi nimwambie. "Jana nilikuwa kwenye gari moja lililokupita."

"Najua. Nilikuona. Ulikuwa umeshika kifua." Alimrudisha mtoto mikononi mwangu. "Ungekuwa na nini cha kunipa? Ungekaa nami kichakani, na huyu?"

Mume wangu alirudi Jumanne mchana. Alisema nabad, akavua viatu. Sikumuuliza kitu. Nilimwekea maji ya kuoga, nikampa chakula, nikammiminia chai, na baada ya sala ya alasiri nikakaa mbele yake na kumuuliza upya. Alielewa papo hapo kilichokuwa kikitendeka, akatabasamu kidogo kama mtu aliyekamatwa.

Akasema. Usiku ambao aliniambia alilala kambini kwa wenzake, alikuwa amelala chini ya lori lake katikati ya njia, utingo wake upande mmoja na yeye upande mwingine, hawazungumzi. Kabla ya hapo kulikuwa na usiku mwingine. Na mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza mara ya pili. Siku hizi huulizi. Unarudi kazini umechoka, mimi narudi nimechoka. Nikasema heri."

"Na wewe unaendelea kwenda."

"Mimi nikilala njiani, nani analia?" Alimtazama mtoto. "Sikukatazi. Lakini usidanganywe na magari yanayofika."

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alitokea na mwiko. Nilidhani atashukuru. Badala yake alikasirika.

"Mwache aende! Mtoto hafi kwa usiku mmoja. Mimi nilimwacha huyu mumeo siku mbili nikitafuta ngamia waliopotea, naye ni huyu hapa, kichwa kama sufuria ya harusi."

"Hooyo, ulimwachia dada yako, naye alikuwa ananyonyesha," alisema mume wangu.

"Kwani mjini wanyonyeshaji wamekwisha?"

Nilimpenda kwa kusema vile. Alitaka niwe mtu mkubwa; yeye hakupata nafasi hiyo. Lakini Jumamosi nilikuwa nimeiona shingo ya mtoto imevimba mishipa kwa kilio, na nilijua kwamba mara tatu kwa mwezi hazingekuwa mara tatu za kufikirika. Kila asubuhi ningepanda gari bila kujua kama hiyo ndiyo mojawapo.

Jumatano niliandika barua. Nilisema naikubali kazi iwapo nitapewa chumba pale pale kliniki, niishi na mtoto wangu na mama mkwe, na nije mjini mara moja kila majuma mawili. Nilieleza sababu, siku kwa siku, kama nilivyoambiwa. Bila chumba, nilisema, siwezi.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilimpa ofisa wa mradi barua hiyo kwenye kizuizi. Alikuwa kijana wa bara, mpole, saa yake mkononi ikimsumbua. Aliisoma akiwa ameegemea mlango wa gari, karatasi zote mbili, haraka.

"Dada, nyumba haimo kwenye mpango. Kuna usafiri. Gari linakuchukua, gari linakurudisha."

"Linanirudisha siku nyingi," nilisema. "Si zote."

"Watu wetu wanasafiri kila siku. Nikiwauliza, wananiambia hakuna shida."

Nilifungua kinywa kumweleza, nikaona gari la polisi limewashwa na madereva wanapanda. Hapakuwa na chai wala mahali pa kukaa.

"Ndiyo au hapana?" aliuliza. "Naomba neno moja. Nina wengine wawili kwenye orodha."

"Hapana."

Nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Askari wa kizuizi aligeuka kunitazama. Ofisa aliikunja barua yangu, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa muda wangu. Dereva wa mradi alininyooshea kidole gumba kwa unyonge, safari hii bila mzaha.

Magari yaliondoka moja moja, na pikapu za wanawake zikawa za mwisho. Nilisubiri nafuu inijie, kwa kuwa nilikuwa nimeamua na nilijua kwa nini. Haikuja. Kilichonijia ni hasira juu ya barabara ile, juu ya vyumba vitatu vyenye madirisha makubwa, na juu ya yule mama ambaye asingeweza kusubiri. Nikaenda nayo kazini, nikawakuta watoto wamepangwa foleni kwenye mizani, nikanawa mikono.