Amplifaya Yenye Joto Zuri

Mke wangu husema nina ugonjwa wa masikio. Si kwamba sisikii, nasikia mno. Tukienda harusini hapa Sumbawanga, wenzangu wanakula pilau, mimi nimekunja uso kwa sababu spika za ukumbi zinakoroma. Siku moja nilimfuata mshereheshaji nikamwambia apunguze besi, akaniuliza mimi ni wa upande wa bwana harusi au wa bibi harusi. Nikarudi kukaa. Tangu siku hiyo mke wangu hukaa meza nyingine.

Kwa hiyo nilipoona tangazo moja kwenye kundi la simu la wafanyabiashara wa mtaa wa Majengo, niliivuta picha karibu. Picha ilikuwa mbaya, imepigwa gizani, lakini niliitambua: amplifaya ya Kizungu ya zamani, uso wa chuma kinene na mapezi ya kutolea joto ubavuni, aina ambayo watu wa mshahara wangu huiona pichani tu. Maelezo yalikuwa mstari mmoja: "Inauzwa amplifaya, haijawahi kuzimwa, ina joto zuri." Chini yake namba ya simu na jina la mtaa, Kasense.

Wengine wangecheka. Mimi nilisimama. Amplifaya za daraja lile huchemka hata zikiwa kimya, na wenye nazo hawapendi kuzizima, kwa sababu wanaamini zikishapata moto ndipo zinapoimba. Mtu anayesifia joto la amplifaya ni bingwa. Tangu nihamishiwe Rukwa kutoka Mbeya nilidhani niko peke yangu, kumbe mwenzangu yuko hapo Kasense, mwendo wa bajaji tu.

"Nimempata mtu," nikamwambia mke wangu.

"Wa kike au wa kiume?"

Nilipopiga simu alipokea mama mtu mzima. Bei hatukubishana. Alitaka jambo moja tu, niichukue kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi anahamia Mpanda kwa binti yake na nyumba inaingia wapangaji. Nikadhani ni mke wa bingwa. Nikapanga maneno ya kumwambia bingwa nikimkuta.

Ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Ufipa ya mwezi wa sita hana haja ya kuelezwa baridi yake. Upepo ulikuwa unaingia kwenye bajaji kutoka kushoto na kutokea kulia, ukipitia mbavuni mwangu. Nilikuwa nimepakata redio yangu ya CD, spika mbili ndogo na mfuko wa waya. Huwezi kununua kitu kama kile kwa kukiangalia usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia ndani, utaganda."

Sebule ilikuwa na joto kama jikoni. Amplifaya ilikuwa pembeni, juu ya meza fupi, imevishwa kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa kulikuwa na matofali mawili. Juu ya matofali kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi vifaranga kama kumi na wanane, wamenona, wananitazama. Ubavuni, gunia la ulezi lililoloweshwa lilikuwa limeegemea yale mapezi, linaota kimea cha pombe.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai.

"Mama," nikasema, "hii siyo jiko."

"Najua siyo jiko. Jiko lina mahali pa sufuria."

Nikamwelezea. Nikamwambia watu wa Ulaya kitu hiki hukifuta kwa kitambaa laini na kukiwekea meza yake peke yake. Nikamwambia kinyesi cha kuku kina chumvi, na chumvi inakula chuma. Nikamwambia hata gunia bichi lenyewe ni shoti inayosubiri siku. Aliniacha nikamaliza, mikono ameiweka ndani ya kitenge, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Matundu sijaziba," akasema. "Ndiyo maana ya hayo matofali. Mwenyewe aliniambia yasizibwe."

Mwenyewe ni mume wake. Alikuwa fundi umeme wa misheni, na padri mmoja wa kigeni aliporudi kwao alimwachia mashine ile. Kila jioni alikuwa anajifungia nayo sebuleni, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Miaka minne iliyopita alishikwa na kifua. Walipokuwa wanamtoa kumpeleka hospitali, aligeuka pale mlangoni akamwambia mkewe: usiizime, nikirudi nisiikute ya baridi.

Hakurudi.

"Sasa, baba, mtu hajarudi, na mimi sijaambiwa nizime," akasema. "Lakini moto unakaa bure, na baridi hii vifaranga wanakufa. Nikasema basi, wakae hapo."

"Na umeme ukikatika?"

"Huo wanakata wao. Siyo mimi niliyezima."

Nikasaidia kuteremsha boksi la vifaranga, nikavuta gunia, nikapuliza punje za ulezi zilizojaa huko nyuma kwenye matundu ya waya. Nikaunganisha spika zangu na redio, nikaweka CD ya kwaya, nikiwa nimeshajiandaa kusikia mkoromo. Miaka minne ya kuku! Nilikuwa nimeshatafuta maneno ya kuomba punguzo.

Haikukoroma. Ilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika nyumba yoyote, safi na imetulia, waimbaji wamesimama kila mmoja mahali pake, hata pumzi za sauti ya tatu kabla ya kuingia ubeti zikasikika. Machozi yalinilengalenga, nasema ukweli. Nikageuka kumweleza mama yule kwamba hicho ndicho kitu chenyewe.

Alikuwa amekaa chini, sakafuni, miguu ameinyoosha.

"Kumbe alikuwa anasikia hivi," akasema.

Kwaya ikaendelea. Alisubiri wimbo uishe ndipo akasema tena.

"Mimi nilikuwa jikoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikia ukuta unadunda tu. Nilikuwa nasema mzee huyu anajificha nisimtume kuni." Akacheka kidogo. "Rudia."

Nikarudia. Akasema rudia, nikarudia tena. Mara ya tatu sikusikiliza muziki, nilikuwa namwangalia yeye, na niliona aibu. Nilikuwa nimekuja kama mwenye kujua, kumfundisha matumizi ya kitu alichokitunza kuliko ninavyotunza chochote changu. Moyo ukaniambia niseme, nikasema huku nusu yangu ikiomba asikubali.

"Mama, kama unataka, usiiuze."

"Mpanda kuna joto, vifaranga hawaihitaji," akasema. "Na wapangaji wataiwekea maua juu. Wewe umekuja na waya zako. Chukua."

"Lakini kwanza lazima izimwe."

"Basi zima."

Nikasogea. Swichi ilikuwa mbele, kubwa, rahisi, na taa yake nyekundu. Nikaweka kidole. Mimi mwenye mdomo wote huu, ninayewafuata washereheshaji kwenye harusi za watu, nikashindwa kubonyeza. Nikajifanya nakagua waya.

"Ondoka hapo," akasema. Akajifuta mkono kwenye kitenge, akainama, akazima.

Nje bajaji ikapiga honi. Nilitoka kumwambia dereva asubiri, kwa sababu mashine ile ikiwa ya moto haibebeki, itakuunguza vidole. Akauliza itapoa lini. Nikamwambia sijui, haijawahi. Akaingia ndani naye kukimbia upepo, akapewa togwa, tukakaa watatu tukizungumza habari za mahindi, na mbolea, na huyo binti wa Mpanda aliyeolewa na mtu asiyekula ugali wa ulezi. Mama alikuwa amehamishia vifaranga jikoni karibu na mkaa, akarudi kukaa ubavuni mwa amplifaya, mkono mmoja ameulaza juu yake. Aliongea na sisi vizuri kabisa, akatutania, mimi akaniuliza kama Mbeya tunawafokea wazee wote au ni yeye tu. Mkono hakuuondoa.

Saa nzima ikapita. Dereva alimaliza togwa yake, akaongezewa, akamaliza. Nikaona mama amenyamaza katikati ya maneno. Akageuza kiganja, akapapasa kwa mgongo wa mkono, mbele, juu, kwenye mapezi, kote.

"Imepoa," akasema. "Sasa bebeni."