Niliolewa kwenye mchezo wa Theatre Arts, kuna mzee wa Kyimo mpaka leo hataki kuniona

Wakuu, habari za muda huu.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, kimenitokea hapa hapa Rungwe. Atakayeona ni chai apite tu, kwetu chai ni shamba, tumeizoea.

Nilisoma Theatre Arts sekondari. Ukiwaambia watu wanacheka, wanadhani ni somo la kukata mauno. Lina nadharia yake na practical yake, na practical yetu ya form three ilikuwa mchezo wa harusi ya Kinyakyusa.

Mimi si Mnyakyusa. Wazazi wangu walitoka Makete kuja kufanya kazi kiwanda cha chai, kwa hiyo mila za hapa nilizijua juu juu.

Nikapewa kuwa bibi harusi. Bwana harusi akawa Ambokile, kijana wa Kyimo, mchekeshaji wa darasa. Hakuwa mpenzi wangu, nasema mapema maana nawajua.

Mwalimu hakutaka ubabaishaji. Sehemu ya bibi harusi kutambulishwa kwa ukoo wa mume, akasema tutafute mtu anayeijua. Ambokile akamleta bibi yake mzaa baba.

Script ilikuwa na majina ya kubuni ya mababu. Bibi akagoma kuyatamka.

"Waliolala huwa siwadanganyi mie," alisema.

Akatumia majina ya ukoo wao wenyewe. Mwalimu akaona safi, uhalisia umeongezeka.

Siku ya kuonyesha wazazi walijaa bwaloni. Mvua ya Tukuyu mnaijua, ilikuwa mchana lakini taa ziliwashwa. Nimepiga magoti, kanga kichwani, bibi kanishika bega anaongea Kinyakyusa taratibu, anawataja wafu wao mmoja mmoja. Sikuelewa kitu, ila nywele zilinisimama.

Alipomaliza, baba yake Ambokile akainuka kwenye viti vya mbele. Akajifunika koti kichwani, akageukia ukuta, akatoka ubavu ubavu bila kunitazama. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Na mimi nikacheka.

Kwa wasiojua: kwa wazee wa Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia.

Tangu siku ile nikikutana na yule mzee, anaingia kwenye migomba. Shikamoo yangu haijibiwi. Ambokile alikuwa anacheka mpaka anakaa chini, "Dingi kashakuhesabu mke wa mwanawe." Mimi nilianza kuogopa. Kuna jioni nilimwona kasimama ndani ya migomba, kanipa mgongo, hatikisiki, anasubiri nipite. Nilipita mbio.

(Jina lake sitaliandika. Nalijua vizuri, ila kila nikitaka kulitaja nasita, na sijui kwa nini.)

Mwaka uliofuata Ambokile akafa. Bodaboda, mteremko, utelezi.

Tulienda kuzika nyumbani kwao, darasa zima, tukapangwa mbele karibu na kaburi. Jeneza likashushwa. Mchungaji akamwita baba mzazi aweke udongo wa kwanza.

Mzee akaja. Akaniona. Koti kichwani, akarudi kwenye migomba.

Akaitwa tena. Hakutoka. Hata kwaya iliacha kuimba. Mchungaji alikuwa mgeni, anaangalia huku na huku haelewi. Kisha nikaona wazee wanageuka kunitazama mimi, mmoja baada ya mwingine.

Bibi akanijia. "Mwanangu, mkwe wako anataka kumzika mtoto wake."

Nikamwambia, "Bibi, ule ulikuwa mchezo."

"Mlicheza nyie. Mimi sikucheza."

Wakuu, nilitaka kubaki. Alikuwa rafiki yangu na udongo nilishaushika mkononi. Lakini nikibaki, yule baba hamziki mwanaye. Nikaudondosha, nikavuta kanga usoni, nikazunguka nyuma ya jiko, nikageukia ukuta. Ndipo nikasikia udongo unagonga jeneza, na mzee analia kwa sauti.

Wanawake waliokuwa wamekaa mkekani pale wakasogea kunipisha nikae. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Nilichojifunza: somo ni zuri, watoto wasome, mimi mwenyewe limenipa kazi. Ila walimu, ukoo wa watu wa kweli msiuingize kwenye script. Na mtu mzima akikataa kutamka jina la uongo, muulizeni kwanza kwa nini.

Sasa nimeletewa posa, mchumba ni wa Mbeya mjini. Mama yangu, mlokole kabisa, anasema nikaombe kwanza ruhusa kwa yule mzee. Mchumba anacheka. Mimi sicheki, nina hofu kweli. Bibi, ambaye angenisemea, alishafariki.

Juzi nilijikaza nikaenda hadi kwao, nikabisha hodi. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa.

Wenye kuzijua hizi mila, nishaurini bila matusi. Nitamwombaje ruhusa mtu asiyeruhusiwa kuniona?