Mgeni Aliyekataa Chakula

Juma hili nimerudi kujaza mapengo. Wajua mambo haya: sentensi ya Kiingereza imetolewa neno moja, chini yake pana maneno manne, nawe uchague linalofaa. Chuo cha ng'ambo kimenikubali kwa sharti kwamba nipite mtihani wa lugha, na mimi, mwenye digrii tayari, nakaa mbele ya kompyuta nyumbani kwetu, mtaani Kibokoni, kama mtoto wa shule. Kila neno kati ya manne yale naliona lina haki yake. Saa iliyo pembeni ya kioo yahesabu sekunde, na mimi bado nayatetea maneno yaliyoshindwa.

Jana nilikuwa nasoma kwa sauti, na nilipofika penye pengo nikajisikia nasema "nanii". Nikacheka peke yangu, kisha sikuweza kuendelea.

Nanii lilikuwa neno la nyanya yangu. Nilikuwa darasa la nane, na kila alasiri nikitoka madrasa nilimkuta ameketi mkekani karibu na dirisha, akishona kofia. Zilikuwa zile kofia nyeupe za mkono, ambazo kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kikaze, na kofia moja humaliza miezi. Harufu ya wali wa nazi wa mchana ilikuwa haijatoka jikoni. Mimi nilimtilia uzi sindanoni, maana macho yake yalikuwa yameanza kumkatalia. Yeye alinisaidia Kiingereza, lugha ambayo hakujua hata salamu yake.

Tulifanya hivi. Nilisoma sentensi kama ilivyo, kisha nikaigeuza Kiswahili. Mwanzoni, nikifika penye pengo, nilinyamaza. Hakupenda.

"Usininyamazie kana kwamba nimekukosea," alisema. "Sema nanii."

Basi nikasema nanii, nikamtajia yale manne, akachagua moja bila kuinua kichwa. Mara nyingi alipatia. Mpaka siku tuliyofikia sentensi ya mgeni.

"Mgeni alikuwa ametoka arusini," nikamsomea, "kwa hiyo alipokaribishwa chakula alikataa, kwa sababu alikuwa nanii. Amechelewa, ameshiba, ana haya, au amekasirika?"

"Yuwaona haya huyo."

"Nyanya, ametoka arusini. Amekula."

"Hata kama amekula! Mtu hukaribishwa kwa watu akasema nimeshiba? Huonja tonge mbili, akashukuru. Akikataa kabisa, ni haya zimemshika. Na mwenyeji alikuwa wapi asimvute mkono?"

"Mwenyeji hayumo kwenye sentensi."

"Ndiyo makosa yenyewe."

Nilijua jibu. Lakini wiki ile ile sentensi hiyo hiyo ikaja kwenye jaribio la shule, na mimi nikaikodolea macho, nikamfikiria yule mgeni mlangoni, na watu wote waliowahi kuingia kwetu, na nikaona kweli, hakuna hata mmoja aliyekataa kwa shibe. Nikaandika ana haya. Mwalimu akanikata kwa kalamu nyekundu, akaniuliza nimetoa wapi jibu lile. Nikasema nilibahatisha.

Nyumbani nyanya alikuwa akisubiri. "Tumepata ngapi?"

Tumepata. Ningefanyaje mbele ya neno hilo? "Yote," nikasema.

Kufikia magharibi mtaa ulikuwa umejua. Bibi mwenye duka la viungo mkabala nasi, ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi, alivuka njia kwa makusudi. "Bi mkubwa! Miaka yote hii umetuficha usomi?"

"Hamkuniuliza," nyanya akajibu, akavuta uzi.

Kesho yake akamleta bintiye, mwenye mtihani wa taifa kama mimi. Nikakaa mkekani nikamsikia nyanya akimfundisha, kwa furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu babu afariki, majibu ambayo mengine yangemwangusha. Nikisema, namwaibisha nyanya mbele ya mtaa. Nikinyamaza, naharibu mtihani wa mtoto wa watu. Siku tatu nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena.

Siku ya nne, kabla binti hajafika, nilimwambia nyanya ukweli huku nikitafuta tundu la sindano ili nisimtazame. Nyanya aliilaza kofia mapajani.

"Mwalimu asemaje?"

"Asema mgeni ameshiba."

"Basi andikeni ameshiba. Mtihani wao, mgeni wao." Akapokea sindano. "Lakini kwangu mtu akinambia ameshiba, ntamwekea sahani."

Binti alipoingia, alimwambia mwenyewe, wazi: "Mwanangu, yale ya juzi yafute. Nilikuwa nikikujibu ya nyumbani." Yule bibi wa duka alicheka mpaka akaketi kizingitini, lakini hakumwondoa bintiye. Tangu siku hiyo kila sentensi ilipata majibu mawili. Nyanya aliuliza kwanza, "Wao wasemaje?" kisha akasema lake, nasi tukaandika la kwanza na kubishana juu ya la pili mpaka adhana. Sote wawili tulipita.

Sasa hata mtihani ule wa darasa la nane umeondolewa. Duka limehamia bara, na binti nasikia ameolewa. Nyanya alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, na kofia ya mwisho iliachwa nusu. Hakuna kwetu aliyejua kuimaliza. Kompyuta ni mwalimu mzuri. Nikikosa hunionyesha jibu, nikipatia huweka alama ya kijani, na vyovyote vile haibishani nami.

Nakumbuka sentensi nyingi tulizokosa. Nimejaribu tangu jana kukumbuka ile ya mwisho tuliyofanya pamoja, na siipati. Pengine ilikuwa nyepesi, tukajibu haraka, nikakunja karatasi nikaenda zangu nje.