Mkubwa wa Sabuni

Nilipofanywa mwalimu wa kwaya, niliimba sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu peke yangu, wanakwaya wakinitazama. Mungu amenisamehe. Wanakwaya bado.

Kwa hivyo juzi, katika duka moja la Homa Bay, nilimtambua mara moja ndugu yangu katika kosa hilo, mkubwa mmoja wa kampuni ya sabuni. Zamani alisimamia mauzo ya sabuni yao ya mche. Sasa amepandishwa cheo, anasimamia wasimamizi wa bidhaa zote. Alikuja na dada mmoja, mfanyakazi aliyeachiwa kusimamia sabuni ile, ambayo haiuziki tena. Kufikia jioni dada alitakiwa kupeleka sababu Nairobi kwa faksi, la sivyo sabuni ingeachwa kutengenezwa, na yeye angepoteza kazi pamoja nayo.

"Mama, mbona mmeacha kuinunua?" dada alimuuliza mteja, kalamu tayari.

"Ni bei," mkubwa akajibu.

Mama akamtazama. "Hiyo sabuni ikikatwa vipande…"

"Ni harufu," mkubwa akasema, akachukua daftari la dada, akaandika mwenyewe. Dada akafunika kalamu yake.

"Baba," mama akauliza taratibu, "kumbe ni wewe hunifulia nguo?"

Wakaondoka na majibu mawili, yote ya mkubwa. Mama akanimalizia mimi maneno yake: ikikatwa, inamomonyoka. Mwenye duka akakata mche mmoja kwa waya, nusu ikabaki unga kwenye kaunta. Na siku hizi nani hapa hununua mche mzima?

Wewe uliyepandishwa cheo majuzi, nakuomba: dada akiuliza, nyamaza mpaka ajibiwe.