Shamba la Wote Bondeni Ruvu

Mwanamkuu wa Mlandizi alikuwa mcheshi, na sauti yake ilifika ng'ambo ya mto. Vita vya pili vya Wazungu vilipokwisha, aliwashawishi majirani wahamie bonde la Ruvu, walime shamba moja la mpunga na kula chungu kimoja. Pasiwe na changu wala chako.

"Na uvivu je, utakuwa wa nani?" aliuliza mumewe, Abdala.

"Huo tutakuachia wewe, mume wangu!"

Watu wakaangua kicheko, wakafunga mizigo, wakamfuata.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Walilima kwa nyimbo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Lakini chungu kikaleta maneno. Jirani yao Zubeda alitaka tui zito, mzee Mwinyimadi akadai tui linamvuruga tumbo. Wengine walichelewa shambani, ila upawa ukigonga chungu walikuwa wa kwanza. Nguruwe walipovamia mpunga, kila mmoja alidhani mwenzake analinda. Kisha masika yakapiga, Ruvu ukafurika, mpunga uliosalia ukazama wote.

Mwanamkuu alijifunika kanga, akalia. Watu hawa waliacha makwao kwa maneno yake. Sasa angewaambia nini?

Maji yalipoanza kupungua, Zubeda alipiga ukelele kutoka shambani. "Jamani njooni! Matope yanatembea!"

Walikuwa kambale, wamenasa kwenye madimbwi, wamejaa tele. Watu wakamiminika na vikapu, matenga, hata vilemba. Abdala aliteleza akaanguka chali, amekumbatia kambale mkubwa kama mtoto mchanga, na hakumwachia. Mwanamkuu alicheka mpaka akaketi topeni.

Samaki wakakaushwa kwa moshi, wakapelekwa kijiji cha Vihingo kubadilishwa kwa mbegu. Siku mbegu ilipofika, Mwanamkuu aliwakusanya wenzake.

"Chungu kimetushinda, tusifichane. Shamba bado halijatushinda. Tulime pamoja, tulinde kwa zamu, kila nyumba ipike kwake."

"Alhamdulillahi!" akajibu mzee Mwinyimadi. "Tumbo langu limepata uhuru!"

Mwaka uliofuata mpunga ulisimama mpaka kiunoni. Wakati wa mavuno, Mwanamkuu alitangulia mbele na kisu chake, akiimba, na safu nzima nyuma yake ikiitikia. Abdala, aliyekuwa kwenye zamu ya kufukuza ndege, aliacha kombeo lake akaanza kucheza.